Maisha ya Turner, Mtoto wa Kinyozi Aliyechora kwa Rangi za Maji



Katika kurasa hizi wenzangu wamekwisha kuandika habari za wafalme, wasafiri mashuhuri na mabingwa wa sayansi. Mimi nimemwomba mhariri nafasi niandike maisha ya mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakuvumbua mashine. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na jina lake ni Joseph Mallord William Turner, Mwingereza.

Sababu ya kumchagua nitaisema kwanza, ili msidhani nimefungua kitabu cha maktaba na kunakili tu. Mwaka jana, Siku ya Wazazi, picha yangu ya mlima unaoonekana kutoka bwenini ilitundikwa ukutani pamoja na za wenzangu wa chama cha wachoraji. Kabla ya saa sita mchana ilishushwa. Nilielezwa kwamba haikuwa yangu kwa haki, maana ilifanana mno na picha za mwanafunzi mmoja aliyemaliza masomo zamani, ambazo bado zimetundikwa katika ukumbi. Ni kweli zilifanana. Kwa miaka miwili nilikuwa nikikaa mbele ya picha zake na karatasi yangu magotini, nikifuatisha mawingu yake na miti yake, mpaka mkono wangu ukawa kama wake. Sikuficha jambo hilo wala sikuliona kuwa aibu. Baba yangu alikuwapo siku hiyo. Nilipomsindikiza hata stendi hakutaja picha hata kidogo, aliniuliza habari za hisabati tu, na hilo liliniuma kuliko kushushwa kwenyewe.

Nikakusudia kuacha brashi. Mwalimu wetu wa sanaa hakunibembeleza. Alinipa kitabu kikubwa chenye picha za Turner, akaniagiza nitazame mwaka ulioandikwa chini ya kila picha.

Turner alizaliwa London mwaka 1775, katika njia nyembamba iitwayo Maiden Lane, karibu na soko la Covent Garden. Baba yake alikuwa kinyozi, tena mtengenezaji wa nywele za bandia ambazo waungwana wa siku zile walizivaa. Nyumba yao haikuwa na raha. Dada yake mdogo alifariki mwaka 1783. Mama yake alikuwa mgonjwa wa akili, na mwaka 1800 alitiwa katika hospitali ya Bethlem, akafa mwaka 1804. Alipokuwa na umri wa miaka kumi mtoto alipelekwa kukaa kwa mjomba wake, muuza nyama huko Brentford kando ya mto Thames, na huko akapata kazi ya kutia rangi picha zilizochapwa katika kitabu, kwa malipo madogo kwa kila picha. Basi kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa kutia rangi michoro ya watu wengine.

Baadaye baba yake alitundika michoro ya mwanawe katika dirisha la duka, akaiuza kwa wateja waliokuja kunyolewa, kwa shilingi moja hata tatu. Mzee huyo hakuacha kumsaidia. Turner alipokwisha kuwa mtu mkubwa, baba ndiye aliyemtandazia vitambaa vya kuchorea na kumpakia vanishi, mpaka alipofariki mwaka 1829.

Wale wasiopata kushika rangi za maji yawapasa kujua jambo moja kabla ya kuendelea. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi itokayo katika miti ya migunga. Ukiitia maji huwa nyepesi hata karatasi ikaonekana chini yake. Mwenye rangi za mafuta akikosea hupaka juu ya kosa, na akitaka mwanga huongeza nyeupe. Mwenye rangi za maji mwanga wake ni karatasi yenyewe. Akiisha kuifunika kwa rangi nzito, mwanga umekwenda zake. Tena maji hayatii amri. Hukimbilia yasikotakiwa, hujikusanya pembeni, na yakikauka huacha alama kama ya kikombe cha chai juu ya meza.

Wachoraji wengi wa Uingereza katika utoto wa Turner waliikwepa hatari hiyo kwa utaratibu maalum. Mtu alichora kwanza mistari kwa penseli, akapaka vivuli kwa rangi ya kijivu, kisha akaongeza juu yake rangi chache hafifu, kama atiaye rangi ramani. Walichora makanisa ya kale, madaraja na nyumba za wakubwa, na wanunuzi walitaka kila dirisha lihesabike. Turner aliujifunza utaratibu huo kwa Thomas Malton, fundi wa kuchora majengo. Mwezi wa Desemba 1789, akiwa na umri wa miaka 14, alipokewa katika shule ya Royal Academy, yaani chama cha kifalme cha wasanii, na mwaka 1790 picha yake ya kwanza ya rangi za maji ikaonyeshwa huko. Ni picha ya jumba la askofu mkuu la Lambeth. Nimeitazama sana kitabuni. Ni nzuri, tena ni safi, lakini lau jina lingefunikwa ningesema ni ya Malton.

Sasa nafika katika sehemu niliyoisoma mara nyingi kuliko zote. Toka mwaka 1794 hivi, kwa majira matatu ya baridi, Turner alikwenda jioni nyumbani kwa Daktari Thomas Monro, pamoja na kijana mwenzake Thomas Girtin aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1775. Daktari huyo alitibu wagonjwa wa akili, na mmoja wao alikuwa mchoraji John Robert Cozens, ambaye kabla ya kuugua alisafiri Uswisi na Italia na kuchora milima ya huko kwa rangi chache za buluu na kijivu. Vijana walipewa michoro ya Cozens wainakili. Walianza saa kumi na mbili jioni wakaendelea hata saa nne usiku. Girtin alifuatisha mistari, Turner akapaka rangi. Kwa usiku mmoja Turner alipata shilingi tatu na peni sita pamoja na chakula cha chaza.

Wenzangu, fikirini jambo hilo. Kijana wa miaka 19, kisha 20, kisha 21, anapaka rangi milima ambayo hajaiona kwa macho yake. Milima hiyo iliwekwa karatasini na mtu mmoja, mistari yake imefuatishwa na mtu mwingine, na yeye ni wa tatu. Nilipofika hapo nilifurahi mno, nikataka kukipeleka kitabu mbio kwa wale walioshusha picha yangu. Lakini mwalimu alikuwa ameniagiza nitazame miaka, basi nikafungua ukurasa uliofuata.

Mwaka 1802 vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilisimama kwa muda kidogo na njia zikafunguka. Turner, mwenye umri wa miaka 27, alivuka bahari mara moja, akapita Ufaransa akaenda Uswisi, akaipanda milima ile aliyoijua kwa Cozens tu. Akarudi na michoro zaidi ya 400. Picha alizozitengeneza kutokana na safari hiyo si za Cozens tena. Milima ya Cozens imetulia, hata ina huzuni. Ya Turner ina ukungu unaopanda, mawe yanayoporomoka, na mwanga unaotokea mahali usipoutazamia. Lakini ukitazama chini ya hayo yote, ule utulivu wa rangi chache aliojifunza usiku kwa Daktari Monro bado umo.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu, nalo si lile nililoshtakiwa. Kunakili hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba mlima ulikuwa mgongoni mwangu kila siku, kwa miaka miwili, nami sikugeuka kuutazama.

Girtin, rafiki yake wa usiku ule, alifariki mwaka huo huo wa 1802. Wengi walimhesabu kuwa sawa na Turner, na wengine kuwa zaidi. Mimi siwezi kuamua, maana mmoja alipewa miaka 27 na mwingine 76.

Kabla ya safari hiyo Turner alikuwa amekwisha anza kuuacha utaratibu wa zamani. Hakupaka tena kijivu kwanza, bali alianza na rangi yenyewe. Mwaka 1799 alimweleza mchoraji mwenzake kwamba hakuwa na njia moja maalum ya kufanya kazi, bali aliisukuma rangi huku na huku mpaka ikasema lililokuwa moyoni mwake. Mtu asidhani ulikuwa uvivu. Alijifunza kuurudisha mwanga uliokwisha kufunikwa: alilowesha mahali fulani na kunyonya rangi kwa kitambaa au mkate laini, akakwaruza kwa kisu, akakwaruza hata kwa ukucha wa kidole gumba, ambao aliuacha ukue mrefu kama wa tai kwa kazi hiyo. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu karatasi za Whatman alizozitumia zilikuwa ngumu, zimepakwa gundi ya ngozi. Nimejaribu mimi kwa karatasi ya duka la hapa karibu, ikatoboka mara moja, na dirisha likaonekana katikati ya mlima.

Kuna kisa kimoja kinachonipendeza kupita vyote. Turner alikuwa na rafiki, Bwana Walter Fawkes, mwenye shamba kubwa Farnley katika Yorkshire, aliyenunua picha zake nyingi za rangi za maji. Asubuhi moja ya mwaka 1818, wakati wa chai, Fawkes alimwomba amchoree picha ndogo itakayoonyesha ukubwa wa manowari. Turner alimchukua mtoto mkubwa wa Fawkes, wakaingia chumbani. Kijana akatazama. Baadaye alisimulia kwamba Turner alimwaga rangi nyepesi juu ya karatasi mpaka ikalowa chapachapa, kisha akairarua kwa ukucha, akaikwaruza, akaisugua kama mwenye wazimu, nayo yote ikawa vurugu tupu. Kidogo kidogo meli ikatokea, na kamba zake, na mawimbi, na mashua zinazoleta vyakula. Wakati wa chakula cha mchana picha ilikuwa imekwisha, nayo ingalipo hata leo. Hapo Farnley palikuwa mbali na bahari, wala hakuwa na mfano mbele yake. Alichokuwa nacho ni miaka ishirini na zaidi ya kuchora meli katika vitabu vidogo alivyovitia mfukoni kila aendako. Vitabu hivyo alivyoacha ni kama 300.

Mtu akisoma kisa hiki haraka atadhani siri ya Turner ni kumwaga maji na kukwaruza. Rafiki yangu mmoja wa bwenini alidhani hivyo, na shuka lake lashuhudia.

Mwaka 1819 alikwenda Italia. Katika siku chache alizokaa Venice alichora picha chache za alfajiri, za majengo juu ya maji, ambazo karibu hazina kitu. Ni rangi ya manjano nyepesi, buluu nyepesi, na karatasi iliyoachwa wazi. Ukilinganisha na lile jumba la Lambeth la mwaka 1790 huwezi kuamini ni mkono mmoja. Toka hapo alizoea kuanza kazi kwa michirizi mipana ya rangi tu, bila mistari, akiitandaza karatasi nyingi kwa pamoja. Moja ikikauka yeye yupo kwa nyingine. Mamia ya karatasi hizo alizificha asizionyeshe kwa watu. Zilikuwa mazoezi yake, kama sisi tunavyofanya hesabu katika daftari la nyuma.

Wala si kila mtu alifurahi. Alipozidi kupenda rangi ya manjano, waandishi wa magazeti katika mwaka 1826 walifanya mzaha kwamba ameshikwa na homa ya manjano. Mwaka 1842 picha yake ya mafuta ya meli katika tufani ya theluji iliambiwa ni povu la sabuni na chokaa. Kazi kubwa ya picha za Uingereza na Wales, aliyoianza mwaka 1825 ili zichongwe katika mabamba na kuchapwa, haikupata wanunuzi wa kutosha, ikasimamishwa mwaka 1838, naye akanunua chapa zilizobaki kwa fedha yake mwenyewe. Hata kufundisha kulimshinda. Toka mwaka 1807 alikuwa profesa wa sheria za kuchora vitu vya mbali na vya karibu katika Royal Academy, lakini alisema kwa kumumunya maneno hata wasikilizaji wakashindwa kumfuata. Walikuja kutazama michoro yake ya mafundisho tu.

Jambo lililo zito zaidi lilimpata uzeeni. Katika mwaka 1841 alikaa Lucerne huko Uswisi, ambako ng'ambo ya ziwa huonekana mlima Rigi. Si mlima mkubwa. Kwetu mlima wa mita 1,800 usingeshangaza mtu. Turner aliutazama alfajiri, mchana na jioni, akauchora tena na tena kadiri mwanga ulivyobadilika. Aliporudi London, mwaka 1842, alimpa mfanya biashara wake, Bwana Griffith, picha nne zilizokwisha na mifano 15 ya rangi, ili wateja wachague, jumla zipatikane picha kumi. Wateja hao walikuwa watu wa miaka mingi, waliompenda. Lakini walisitasita. Walisema, kwa ufupi, kwamba huo si mtindo wake waliouzoea. Griffith alihangaika hata akapata wanunuzi wa picha tisa tu, kwa bei ndogo kuliko aliyotaka Turner, na ya kumi akaichukua yeye kama ujira.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Mtu huyu alianza kwa kuambatana na mtindo wa wengine, akatumia nusu ya maisha kuupata wake, na alipoupata walimtaka abaki nao asiubadili. Sina hakika ningeweza kuvumilia. Yeye alirudi Uswisi mwaka uliofuata, na uliofuata huo.

Kati ya zile picha kumi tatu ni za Rigi: moja nyekundu, moja ya giza, na moja ya buluu. Ile ya buluu ni mlima kabla jua halijachomoza, nyota ya alfajiri juu yake, na maji yaliyotulia. Mwaka 2006 iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 5.8, na mwaka 2007 jumba la Tate liliichukua kwa pauni milioni 4.95, baada ya watu wa kawaida kuchanga fedha ili isitoke Uingereza.

Turner alifariki Chelsea tarehe 19 Desemba 1851, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Kazi zilizokuwa mikononi mwake aliziachia taifa lake, na baada ya mabishano ya mahakamani zilikabidhiwa mwaka 1856: picha za mafuta karibu 300, na michoro na picha za rangi za maji zaidi ya 30,000. Tangu mwaka 2020 sura yake ya ujanani imechapwa katika noti ya pauni 20.

Jambo moja zaidi kuhusu rangi za maji, maana Turner mwenyewe hakuwa mwangalifu nalo. Mwanga uliozifanya ziwe nzuri ndio unaoziua, kwani rangi hufifia zikiwekwa juani. Bwana mmoja, Henry Vaughan, alipofariki mwaka 1899 aliliachia jumba la picha la taifa la Scotland, huko Edinburgh, picha 38 za Turner kwa sharti kwamba zionyeshwe mwezi wa Januari tu, wakati ambapo mwanga wa nchi ile ni hafifu kuliko wakati wowote. Kwa zaidi ya miaka mia sharti hilo limekuwa likishikwa.

Mimi muhula huu nimekuwa nikiamka kabla ya kengele na kukaa karibu na tangi la maji, nikiutazama mlima. Nimeharibu karatasi 23. Mawingu yangu bado yanafanana na ya yule mwanafunzi, hilo nakiri, ila sehemu ya chini, pale moshi wa majiko unapopanda na kukutana na ukungu, sijaiona katika picha yake yoyote. Likizo iliyopita nilimpelekea baba moja. Nilimweleza habari za Edinburgh, naye akaitundika katika chumba cha ndani, nyuma ya mlango, ambapo jua halifiki. Aliitazama kwa muda mrefu amesimama. Kisha akaniuliza habari za hisabati.